Maswali Yenu: Barua ya Polepole Ndani ya Simu

SWALI: Shangazi yangu yuko Lamu, mimi niko Umoja hapa Nairobi. Zamani tuliandikiana barua za kurasa tatu. Siku hizi ni "mambo", "poa" na picha za maua kila asubuhi. Nataka kumwandikia barua tena, ila kwa simu. Nianzie wapi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Usiandikie ndani ya WhatsApp. Kidole kitatuma kabla wazo halijaisha, na shangazi akiona "anaandika" ataketi akingoja. Fungua programu ya kuandikia, kama Google Docs, kisha zima data.

Juu kulia weka mahali na tarehe. Kabla ya habari zako, isome tena barua yake ya mwisho na ujibu alichouliza. Wengi huruka hapa, barua ikawa taarifa ya habari. Halafu chagua jambo moja ulieleze kwa kina. Maneno 300 hadi 400 yanatosha. "Huku kwema, kazi inaendelea" haimwonyeshi kitu. "Mvua imenikuta kwenye ngazi saa kumi, nikakimbilia nguo kambani, shuka la bluu likalowa peke yake" inamweka mlangoni pako. Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana, na hiyo nusu ndiyo inayopotea kwenye "poa".

Iache ilale usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, kata.

Sasa kutuma. Ukiibandika WhatsApp kama ujumbe, itakunjwa, abonyeze "soma zaidi", na kufika jioni imefunikwa na maua. Itume kama faili ya PDF. Lakini ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye kioo cha simu, herufi huwa kama chawa, na shangazi atachoka kuvuta huku na kule. Weka ukurasa wa A5 na herufi za ukubwa wa 20. A5 ina upana wa milimita 148, na kioo cha simu nyingi hakifiki nusu ya hapo, kwa hiyo 20 itaonekana kama 9 hivi.

Ukipenda mwandiko wako, andika kwa kalamu nyeusi, piga picha mchana karibu na dirisha bila mwanga wa flashi ya simu (huo huacha doa jeupe katikati), uitume kama faili, si kama picha. WhatsApp huzibana picha, na wino hafifu hufifia zaidi.

Mwandikie mstari mmoja tu kando: "Shangazi, shikamoo. Kuna barua. Isome ukitulia, jibu hata wiki ijayo." Bila hilo atajibu "asante mwanangu" papo hapo, na mchezo umeisha.

SWALI: Rafiki yangu akiona tiki za bluu na sijamjibu, hununa. Nizizime?
Msomaji, South B

JIBU: Unaweza, kwenye mipangilio ya faragha. Ila nawe hutaziona za wengine, kwenye makundi hazizimiki, na ujumbe wa sauti ukiusikiliza atajua tu. Afadhali umwambie siku yako ya kujibu, mathalani Jumapili, na Jumapili hiyo umjibu kweli.