Waonyeshe kazi zilizokamilika, ila usiwaonyeshe moja tu

Mleta mada anafundisha uandishi wa ripoti. Kila muhula anapokea kazi ambazo hazifanani kabisa na alichokuwa anakitaka, hata baada ya kurefusha maelekezo. Sasa anauliza: nikiwaonyesha ripoti nzuri ya mwaka uliopita, si watainakili? Waliotangulia kujibu wamemshauri afafanue zaidi vigezo vya usahihishaji. Mimi nimefundisha insha na ripoti kwa miaka mingi, na naona ushauri huo hautamfikisha mbali.

Mwalimu mwenzangu, angalia vigezo vyenyewe. "Uchambuzi wa kina." "Ushahidi wa kutosha." Wewe ukisoma hayo unaelewa mara moja, kwa sababu nyuma yake unaona mamia ya kazi ulizokwisha kusahihisha. Mwanafunzi hajasoma ripoti ya mtu mwingine hata moja. Ukimwongezea sentensi kumi za ufafanuzi, umemwongezea maneno kumi mengine ya kukisia. Royce Sadler, mtafiti wa Australia, aliliandika hili vizuri mwaka 1989: ili mwanafunzi aboreshe kazi yake ni lazima ajue kazi nzuri ikoje, aweze kuipima yake kwa kulinganisha, kisha awe na la kufanya ili kuziba pengo. Maelekezo peke yake hayamfikishi hata kwenye hilo la kwanza.

Sasa hofu ya kunakili. Ni hofu ya kweli, nimeiona kazini. Ukitoa ripoti moja nzuri, utarudishiwa darasa zima la ripoti zenye idadi ileile ya aya, mwanzo uleule, hata jedwali limewekwa mahali palepale. Lakini mara nyingi huo si udanganyifu. Mwanafunzi mwenye mfano mmoja hana namna ya kujua kipi ndani yake ni sharti na kipi ni uamuzi wa mwandishi tu, kwa hiyo anachukua vyote ili awe salama.

Dawa yake ni kutoa kazi mbili nzuri zilizojengwa tofauti. Mimi huchagua, kwa mfano, ripoti moja inayoanza na matokeo na nyingine inayoanza na swali lililomsumbua mwandishi, zote zikiwa zimepata alama za juu. Hapo hakuna umbo la kunakili. Inabidi wajiulize zinafanana wapi, na wakichimba wanagundua wenyewe: kila dai limefuatwa na takwimu zake, na kila mwandishi amesema wazi vipimo vyake haviwezi kuthibitisha nini. Hicho ndicho nilichokuwa nakiita "uchambuzi wa kina" bila kueleweka. Na mada ya mifano iwe tofauti na ya kazi wanayokwenda kufanya. Kama wao wataandika kuhusu maji, mifano iwe ya udongo.

Kisha ongeza ya tatu, na hii ndiyo yenye faida kuliko zote: kazi ya wastani. Simaanishi kazi mbovu, maana ubovu kila mtu anauona. Tafuta ile safi, ndefu, yenye vichwa vya habari na michoro ya rangi, lakini inayosimulia kilichotokea bila kueleza kwa nini kilitokea. Wagawie zote tatu bila alama, wakae wawili wawili, wazipange kuanzia bora, na kila jozi itetee mpangilio wake kwa kuonyesha sentensi ndani ya kazi. Usiwaambie wazipe alama. Tangu Thurstone, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoandika kuhusu hukumu ya kulinganisha mwaka 1927, wengi wameshikilia kwamba kusema ipi kati ya mbili imezidi ni rahisi kwa mtu kuliko kukipima kitu kimoja peke yake.

Sehemu kubwa ya darasa itaiweka ya wastani juu. Ukiuliza sababu, utasikia: "Lakini hii ni ndefu, mwalimu." Usiwakatize. Umeambiwa waziwazi kwamba walidhani urefu ndio ubora, jambo ambalo usingelijua mpaka ukutane nalo kwenye rundo la kusahihisha. Mjadala unaofuata ndio somo lenyewe, kwa hiyo upe muda wa kutosha; mifano iliyobandikwa ukutani au kutumwa kwenye simu bila kujadiliwa husaidia kidogo sana.

Usichague kazi ya ajabu kupita kiasi. Watafiti Rogers na Feller walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu kozi kubwa ya mtandaoni ambayo wanafunzi walisahihishana insha: waliopangiwa kusoma kazi za wenzao zilizokuwa bora mno walielekea zaidi kuacha kozi, kwa sababu walidhani hicho ndicho kiwango cha kawaida na wao hawakiwezi. Ndiyo maana napenda kuweka rasimu ya kwanza ya aya moja kando ya aya hiyohiyo ilipokamilika. Mwanafunzi anaona kwamba hata aliyefanya vizuri alianza na aya dhaifu, kisha akaifuta nusu.

Walimu wa hisabati nao wasijitoe. Watafiti Sweller na Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanaoanza aljebra wakisoma maswali yaliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua, baadaye hufanya yanayofanana nayo haraka kuliko waliohangaika peke yao tangu mwanzo. Faida hiyo hupungua, na hata kugeuka kuwa kikwazo, mwanafunzi anapokomaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza nawapa mifano mizima, ya pili vipande tu, na kufikia ya mwisho hawahitaji.

Mengine kwa kifupi. Omba ruhusa ya mwenye kazi, futa jina, na kama ni mwandiko wa mkono ichape upya. Kazi dhaifu ya mwanafunzi aliyemo darasani usiionyeshe kamwe, hata bila jina, maana mwenyewe ataitambua na wenzake watamsoma usoni.

Kuna wanaosema kuonyesha mifano ni kuwabeba wanafunzi. Hili huniuma. Mwanafunzi mwenye dada au rafiki aliyepita kozi hiyo mwaka jana tayari anayo mifano nyumbani. Ukiificha, unamnyima yule asiye na mtu wa kumuuliza, kisha unampa alama ndogo kwa kutojua jambo ambalo mwenzake aliambiwa pembeni.

Na kama kazi ni mpya, huna za mwaka uliopita, iandike mwenyewe. Kaa chini uifanye kwa maelekezo yaleyale utakayowapa na kwa muda uleule. Ukijikuta unarudi mara mbili mbili kusoma swali, rekebisha swali kwanza kabla hujaligawa.