Mwenye Parkinson Asikalishwe Kitini

Binti mmoja kaniandikia juzi. Baba yake ni seremala, kagundulika ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kuugandisha mwili, na ndugu wamekaa kikao wakaamua randa na misumeno ifungiwe stoo, mzee apumzike. Ananiuliza kama wamefanya sawa.

Hapana, mwanangu. Msumeno wa umeme ufungieni, hapo sina ubishi. Randa ya mkono na msasa mrudishieni mzee leo hii.

Nasema kwa ukali kwa sababu na mimi nilifanyiwa hivyo hivyo. Ni fundi cherehani hapa Tanga, kazi niliyofundishwa na marehemu mjomba. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka niliambiwa ni uzee, nikapewa dawa za maumivu. Jina la ugonjwa nilikuja kulisikia baadaye sana. Wala si peke yangu: watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wengi wa wagonjwa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Basi jina lilipopatikana, nyumbani mapenzi yakazidi. Cherehani ikafunikwa shuka. Naletewa chai kitini, navalishwa shati, nashikwa mkono kwenda msalani. Wateja wanaambiwa fundi kastaafu. Nani kanistaafisha? Hilo bado liko rohoni, na waliohusika wanasoma hapa. Wasome tu.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili, zinakufa polepole, na bila dopamini ya kutosha yale tuliyoyazoea, kama kutembea huku unapiga soga, kufunga kifungo au kukanyaga pedeli, hayajiendeshi tena yenyewe. Mguu una nguvu zake, ila ile amri ya kujiendea haifiki sawasawa. Ukiupa kitu cha kufuata, mstari, mdundo au hesabu, ubongo unapata njia nyingine ya kupitia.

Niliyaona kwa macho yangu mlangoni pa chumba cha kazi. Pale miguu ilikuwa inaganda: nyayo zimenata sakafuni na kiwiliwili kinaendelea mbele, na ndivyo watu wanavyoanguka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanishauri nichore mistari ya kukatiza njia. Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikachora kwenye saruji, mstari mmoja kila hatua. Mguu uliokuwa umegoma ukanyanyuka kuuvuka mstari. Mke wangu alidhani siku zote nilikuwa naigiza!

Cherehani ilikuwa ngumu zaidi. Hii ya miguu ukikosea mwanzo gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Nikaanza kama mwanafunzi aliyeletwa na mzazi wake asubuhi ile. Kwanza bila uzi wala kitambaa: mkono unazungusha gurudumu, mdomo unahesabu kwa sauti, moja-mbili, moja-mbili, mguu unafuata. Kisha karatasi ya daftari, sindano tupu ikitoboa juu ya mstari. Kisha vitambaa chakavu. Mtu akinisemesha katikati napotea, maana mambo mawili kwa mpigo ndiyo yanayotushinda sisi. Redio ikazimwa, wajukuu wakatolewa nje. Mwezi uliopita nimekabidhi kanzu ya mkwe wangu. Pindo limenyooka, aliye na shaka aende akaliangalie.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mgonjwa wa Parkinson hajifunzi. Anajifunza. Anachelewa kuliko mzima, na akiacha mazoezi alichokipata kinayeyuka, ila anajifunza. Rudia. Ukichoka, pumzika kidogo, kisha rudia. Na ujifunze kitu chenyewe unachokitaka: anayetaka kushona ashone, anayetaka kuingia msikitini kwa miguu yake afanye mazoezi ya kupanda ngazi na kuvua viatu akiwa wima, kashika ukuta.

Jasho nalo lazima litoke. Kunyoosha vidole kitini ukasema umefanya mazoezi ni kujidanganya. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua watu 128 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga na dawa hawajaanza. Waliopandishwa kwenye mashine ya kukimbilia hadi mapigo ya moyo yakafika asilimia 80 hadi 85 ya upeo wake, walipangiwa siku 4 kwa wiki, na baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa karibu palepale. Walioachwa na maisha yao ya kawaida dalili zao ziliongezeka. Mjini Indianapolis tangu mwaka 2006 wapo wagonjwa wenzetu wanaofanya mazoezi ya ngumi, bila kupigana wao kwa wao. Mimi sina mashine wala glovu. Nimejaza mabaki ya vitambaa kwenye gunia, nimelitundika kwenye mwembe, nalitwanga huku nahesabu kwa sauti kubwa. Majirani wamezoea. Ninyi mnaosema hamna pesa ya mazoezi, gunia mmekosa?

Lakini kabla hujaanza kutwanga chochote, daktari akupime moyo na presha. Wengi wetu presha hushuka ghafla tukisimama, kwa hiyo ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Viatu viwe vya kufunga, kandambili hapana. Na mazoezi yafanywe dawa ikiwa imeshika. Kama unatumia levodopa, dawa ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, imeze nusu saa au zaidi kabla ya chakula, hasa chakula chenyewe kikiwa nyama au maharage, kwa sababu protini hugombania nayo njia ya kuingia mwilini. Mimi niliwahi kulaumu miguu wiki nzima kumbe tatizo ni maharage ya asubuhi.