Mzaha wa dini mbele ya waumini na wasioamini: pima kabla hujashika kipaza sauti

Meza moja ya harusi ya Dar es Salaam au Mombasa inaweza kuwa na Mkatoliki, mlokole, Mwislamu anayesali safu ya mbele, na kijana asiyeamini dini yoyote ambaye bado hajawaambia wazazi wake. Mshereheshaji akitupa mzaha wa dini, hao wanne wanasikia vitu vinne. Ushauri huu ni kwa anayeshika kipaza sauti, na kwa yule anayetuma vichekesho kwenye grupu la ukoo bila kufikiria ni akina nani wamo.

Kwanza tuondoe dhana moja potofu, kwamba muumini anayenuna hana ucheshi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, waliwapa watu kisa cha kanisa linalochezesha bahati nasibu ya gari kubwa la kifahari ili kuvuta waumini wapya. Waenda kanisani na wasioenda waliona sawasawa kwamba jambo hilo halifai. Walichotofautiana ni kicheko: wasioenda kanisani ndio waliochekeshwa zaidi. Pande zote mbili ziliona kanisa limekosea, ila kwa upande mmoja lile kanisa ni lake. Kwa hiyo ukimwambia muumini "mbona huna utani", umemkosea mara ya pili.

Sisi tuna kipimo chetu cha zamani, nacho ni utani wa makabila. Mnyamwezi na Mzaramo, Mhehe na Mngoni, hutupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni ugomvi, hata msibani. Yanavumilika kwa sababu kila upande unajua zamu yake itafika. Tumia sharti hilo hilo kwenye dini: anayetaniwa awe na nafasi ya kujibu. Shekhe aliyekaa meza kuu anaweza kukujibu, tena akakushinda. Mchungaji naye hivyo hivyo. Lakini kitabu kitakatifu hakijibu, na Mtume hayupo ukumbini. Anayebaki kuwasemea ni muumini, na yeye hajakubali utani wowote na wewe.

Ukitaka kupima mzaha, uliza unampiga nani. Salama zaidi ni tabia za waumini: mhubiri anayesema "na kwa kumalizia" mara tatu kisha anafungua kitabu kingine, msikiti unaofurika usiku wa kwanza wa tarawehe, sala za usiku za Ramadhani, na ikifika kumi la kati la mwezi safu zimepungua, ubishi wa kila mwaka kama mwezi umeandama au bado, huku watu wameshapika. Haya waumini wenyewe huyasema wakiwa peke yao, kwa sauti kubwa zaidi kuliko utakavyothubutu wewe. Juu yake kuna viongozi wa dini, ambao wanataniwa kwa kiasi na wakiwa wapo. Juu yao kuna ibada, kisha kitabu, kisha Mungu na mitume. Kuanzia kwenye ibada, acha, isipokuwa dini ni yako na wasikilizaji wote ni wa kwenu.

Mpaka huo hauko mahali pamoja kwa kila dini, na hapa ndipo washereheshaji wengi huharibu. Kisa cha marehemu anayefika mlangoni mwa mbinguni na kubishana na Mtakatifu Petro kuhusu funguo kinachekesha Wakatoliki bila tatizo. Mwingine hukichukua, akabadilisha majina ili "kuwafurahisha na Waislamu", akamweka malaika au mtume mahali pa Petro. Ukumbi unazizima. Sababu iko kwenye Kurani, Sura At-Tawba, aya ya 65 na 66, zinazokemea waziwazi kumfanyia mzaha Mwenyezi Mungu, aya Zake na Mtume Wake. Mwislamu anayekaa kimya hapo anatii alichosoma. Na hata kicheko cha halali kina sharti: kuna hadithi inayomwonya anayesema uongo ili kuwachekesha watu, kwa hiyo kisa cha kubuni kuhusu shekhe anayejulikana mtaani ni kibaya maradufu. Mfano mzuri ni ule wa Mtume Muhammad mwenyewe. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Aliposhangaa atamfanyia nini, akaulizwa kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Hakuna uongo ndani yake, wala hakuna aliyedhalilishwa.

Kwa mlokole, moto uko kwenye kuigiza kunena kwa lugha. Asiyeamini huona ni sauti tu. Mlokole anaamini ni kazi ya Roho Mtakatifu, na anakumbuka Marko 3:29, kwamba kumkufuru Roho huyo hakusamehewi. Kwa Mkatoliki, usiguse Ekaristi wala Bikira Maria. Mengine ana nafasi pana: Juni 2024 Papa Fransisko aliwakaribisha Vatikani wachekeshaji zaidi ya 100 na kuwaambia kwamba hata kumcheka Mungu kunawezekana bila kukufuru, kama tunavyotaniana na tunaowapenda. Usiichukue ruhusa hiyo ukaipeleka kwenye dini nyingine. Wala usijifiche nyuma ya Eliya aliyewadhihaki manabii wa Baali katika 1 Wafalme 18. Alikuwa kwenye shindano la wazi, si kwenye kamati ya harusi.

Sasa asiyeamini. Huyu husahaulika kwa sababu haonekani. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 700,000 wasio na dini. Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo huku hatuna hesabu, ila watu wapo. Wengi hucheka kila mzaha wa dini ili wasijulikane, na kicheko hicho mshereheshaji hukihesabu kuwa ridhaa. Mzaha unaowachoma zaidi ni ule wa "haamini mpaka basi likate breki kwenye mteremko wa Kitonga". Muumini anaona ni utani mwepesi. Asiyeamini anasikia akiitwa mwongo kuhusu moyo wake mwenyewe, na hawezi kujibu bila kujifichua mbele ya baba yake. Sharti la utani limevunjika. Vivyo hivyo mizaha inayodai asiye na dini hana maadili. Lakini mtanie kwa tabia yake, kwamba amesoma Biblia kuliko kwaya nzima ili apate cha kubishia, naye atacheka kwa dhati, mradi hali yake inajulikana tayari.

Na kwa asiyeamini nasema hivi: mzaha si hoja. Ukitaka kubishana kuhusu muujiza fulani, bishana, taja ushahidi. Ukiupaka kicheko, muumini hatasikia hoja. Atasikia dharau, na atakuwa sahihi.

Kwa kazi yenyewe, mizaha miwili ya dini katika sherehe nzima inatosha, wa kwanza uwe wa dini yako. Siku moja kabla, msomee mtu mmoja wa kila upande atakayekuwepo. Usimuulize kama unachekesha, maana atasema ndiyo kwa adabu. Muulize: ungeurudia mbele ya mama yako? Akisita, utoe. Ukumbini angalia meza ya wazee kabla ya vijana. "Astaghfirullah" inayosemwa mtu akicheka na kumpiga mwenzake bega ni njema. Inayosemwa chini kwa chini, macho mezani, ni onyo. Hapo geukia jambo lingine mara moja, usiufafanue mzaha.

Kumbuka pia simu. Klipu ya sekunde 20 husafiri bila sura yako, bila wazee waliocheka, bila mzaha wa kwanza uliojipiga mwenyewe. Oktoba 2012 ubishi wa watoto kuhusu Kurani huko Mbagala, Dar es Salaam, uliishia na makanisa kushambuliwa, kwa sababu kilichosafiri ni tendo bila utoto wake. Sheria nayo ipo: kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 138 cha Kenya vinaadhibu maneno yanayosemwa kwa kusudi la kuumiza hisia za dini. Kusudi ndilo linalotazamwa, na klipu iliyokatwa ni shahidi mbaya wa kusudi.

Mzaha ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, mahali pale pale uliposemwa: kama ni kwenye grupu, kwenye grupu. Taja ulichosema. Usiseme "kama kuna niliyemkwaza", maana unamrudishia aliyeumia kazi ya kujithibitisha. Kufuta ujumbe peke yake hakutoshi, kwa sababu alama ya kufutwa inabaki na kila mtu anaanza kuuliza kilikuwa nini. Kisha mpigie simu mzee mmoja wa upande ulioguswa kabla hajapigiwa na mwingine, umweleze mwenyewe maneno yalivyokuwa.