Utelezi ndani ya dumu: tatizo si uchache wa klorini

SWALI: Tunachota maji ziwani na kuweka kidonge cha klorini kwenye dumu la lita 20. Ndani kuna utelezi wa kijani usiotoka. Jirani anasema niweke vidonge viwili na kukamulia ndimu. Nifanye hivyo? (Msomaji, Kibirizi, Kigoma)

JIBU: Usifanye, dada. Ndimu nitaifikia.

Utelezi huo ni bakteria na mwani walioganda kwenye plastiki na kujifunika ute wao wenyewe. Kinachochosha ni imani kwamba klorini inaua chochote, kwa hiyo dumu likichafuka watu wanaongeza dozi. Klorini ikikutana na ute inaishia hapo juu juu. Walio chini hawaguswi. Wewe unabaki na harufu kali tu, na kesho vipande vya utando vinaelea kwenye kikombe.

Maji ya Ziwa Tanganyika nayo yana ukaidi wake: pH yake, yaani kipimo cha tindikali na magadi (7 ni katikati, juu ya hapo ni magadi), inakaribia 9. Kwenye pH 7.5, nusu ya klorini huwa katika umbo lenye makali ya kuua. Kwenye 9 inabaki kama asilimia 3. Zile dakika 30 za kwenye pakiti zifanye saa moja au zaidi.

Utando hutolewa kwa kusugua. Weka maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, sugua kwa brashi ya mpini mrefu au kitambaa kilichofungwa imara kwenye kijiti. Kokoto zinasaidia kitako na mbavu za dumu, lakini hazifiki ndani ya mshikio wenye tundu ndani yake, na huko ndiko utando unakojificha na kuanza upya. Sugua pia nyuzi za shingo na mfuniko. Suuza hadi povu liishe. Kisha changanya vijiko viwili vya chai vya dawa ya madoa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, katika lita moja ya maji. Mimina ndani, funga, tikisa, na uligeuze dumu kila dakika 5 kwa nusu saa ili mshikio nao ulowe. Mwaga, suuza. Dumu lililojaa mikwaruzo libaki la kufulia. Lililo zima liweke kivulini, maana plastiki ya njano hupitisha mwanga na mwani hauhitaji zaidi ya hapo.

Wengine watakuuzia wazo kwamba chumvi inamaliza utando. Chupa zinazoelea baharini, kwenye chumvi na jua kutwa nzima, zina utando uleule, na bakteria wa jamii ya Vibrio wamekutwa humo.

Sasa ndimu. Ndani ya maji yenye kidonge, inaila klorini uliyoilipia. Juu ya dawa ya madoa isiyozimuliwa, tindikali yake inafukuza gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ndiyo maana chupa zisizo na lebo, zinazonadiwa sokoni kama "dawa ya kung'arisha madumu", zinanitia hasira: hujui kama ndani ni klorini au tindikali, na huenda nyumbani tayari unayo ile nyingine ya kuchanganyika nayo. Ukisikia macho yanawasha, toka nje na watoto, acha milango wazi, wala usirudi kumwagia kitu kingine.