Maswali na Majibu: Wabima wa Sumbawa, Dini Yao na Kazi Zao

Wabima ni watu gani, na je, ni sawa kuwaita Wajava?

Si sawa. Wabima ni watu wa upande wa mashariki wa kisiwa cha Sumbawa, katika mkoa wa Nusa Tenggara Magharibi nchini Indonesia. Wenyewe hujiita Dou Mbojo, na lugha yao ni ya jamii kubwa ya lugha za Kiaustronesia, lakini Mjava, mtu wa kisiwa cha Java, akiisikia haielewi. Kwa idadi wanapita laki tano, na wengi wao huishi katika mji wa Bima, ulio kando ya ghuba iliyojificha vizuri dhidi ya pepo, na katika mabonde na vilima vinavyouzunguka. Kwa karne kadhaa walikuwa na usultani wao, na watu wa pwani ya Manggarai, magharibi mwa kisiwa cha Flores, waliutambua usultani huo na kuulipa kodi.

Uislamu uliwafikiaje, kwa vita au kwa biashara?

Kwa yote mawili, na ni vyema tusiipambe historia hiyo. Ufalme wa Gowa, uliokuwa Makassar katika kisiwa cha Sulawesi, ulisilimu mwanzoni mwa karne ya 17, kisha ukaanza kutuma majeshi na walimu katika visiwa vya jirani. Huko Bima kulikuwa na ugomvi wa kugombea kiti cha enzi, na mwana wa mfalme aliyeungwa mkono na Gowa, La Ka'i, alisilimu na kuitwa Abdul Kahir. Tarehe 5 Julai 1640 ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa siku ya kuanza kwa usultani. Bila Gowa, kiti hicho pengine asingekipata. Hata hivyo, majeshi peke yake hayaelezi kwa nini dini ilishika mizizi kwa kina namna ile. Kazi hiyo waliifanya walimu wa Kimalayu, ambao walipewa mtaa wao karibu na bandari, wakafundisha Qur'ani na kuandika kumbukumbu za ufalme kwa hati za Kiarabu. Wabima ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, na kwa hiyo mtu wa Lamu au Unguja akiingia msikitini kwao ataiona sala ile ile aliyoizoea.

Nimeona picha ya wanawake wa Bima waliojifunika kwa vitambaa vya mistari na vya rangi kali. Je, hilo ni buibui lao?

Vazi hilo huitwa rimpu, nalo ni shuka mbili zilizofumwa kwa mkono: moja huzungushwa kichwani na kuteremka hadi kiunoni, ya pili hufungwa kiunoni na kufika miguuni. Hakuna pini. Ustadi wote umo katika namna ya kukunja. Mwanamke aliyeolewa huacha uso wazi, na namna hiyo huitwa rimpu colo, ilhali msichana asiyeolewa hujifunika hadi yabaki macho tu, nayo huitwa rimpu mpida. Mtu wa pwani yetu aliyemwona bibi yake akitoka na ukaya au na kanga mbili hahitaji maelezo marefu hapa.

Jambo ninalotaka wasomaji walishike ni kwamba stara hii haikununuliwa mahali pengine. Shuka zenyewe, tembe nggoli, wanawake wanazifuma nyumbani wakiwa wamekaa chini, kitanda cha mfumi kikiwa kimefungwa mgongoni, na mfumaji akiukaza uzi kwa kujiegemeza nyuma. Nakshi zake ni maua, mistari na pembe, na kwa kawaida hazina sura ya mtu wala ya mnyama, kwa sababu ya adabu ya dini. Hivyo kitambaa kimoja kinabeba ibada, kazi ya mikono na pesa ya matumizi ya nyumbani. Siku hizi hijabu za dukani zimechukua nafasi ya rimpu katika maisha ya kila siku, na vazi hilo huonekana zaidi kwa wanawake wazee na katika maandamano ya sherehe. Nasikitika kwa hilo, kwa kuwa mfumaji asiye na mnunuzi hatamfundisha binti yake.

Wanaishi kwa kazi gani?

Kilimo kwanza. Mvua zao huanza takribani Desemba na kukatika Machi au Aprili, na baada ya hapo ardhi hukauka kabisa. Ndiyo maana ghala lina heshima kubwa. Katika kijiji cha Maria, wilaya ya Wawo, bado yamesimama maghala ya zamani yaitwayo uma lengge, yenye paa refu la nyasi linaloteremka mpaka karibu na sakafu, juu ya nguzo nne. Kichwani mwa kila nguzo pana ubao bapa unaomzuia panya asipande. Maghala hayo yamejengwa kando, mbali na nyumba, ili moto ukizuka kijijini chakula kisiteketee. Watu hao walijua njaa ni nini: mlima wa volkano wa Tambora, ulio kisiwani humo, ulipolipuka Aprili 1815, falme za Tambora na Pekat ziliangamia, na majivu yalifunika mashamba ya Bima.

Zaidi ya mpunga, hulima vitunguu vidogo vyekundu vinavyouzwa visiwa vingi vya Indonesia, huvuna chumvi ghubani kwa kuanika maji ya bahari juani, na hufuga ng'ombe, nyati na farasi wadogo wenye nguvu. Huko Wera mafundi huunda majahazi ufukweni, wakianza na mbao za ubavuni, mataruma, yaani miti ya kuimarisha ndani, yakifuata baadaye. Mahindi yameleta fedha, lakini vilima vingi vimefyekwa kwa ajili yake, na mafuriko ya Desemba 2016 mjini Bima yaliwaonyesha wenyeji gharama ya kuachia mlima bila miti.

Je, ni kweli watoto wadogo hupanda farasi wa mashindano?

Ni kweli, na hupanda bila tandiko. Mchezo huo ni wa zamani na unapendwa mno, lakini mtoto wa umri wa darasa la kwanza hana nafasi juu ya farasi anayekimbia, na siuoni utamaduni kuwa udhuru.

Wabima wote ni Waislamu?

Wengi mno, ndiyo. Katika milima ya magharibi mwa ghuba wanaishi Dou Donggo, wanaojulikana kwa nguo zao nyeusi, ambao kwa muda mrefu walishika dini ya wahenga na kuheshimu mizimu ya chemchemi na miamba. Leo wengi wao ni Waislamu, na wapo pia Wakatoliki na Waprotestanti.

Maulidi yao yakoje?

Kubwa kuliko zote ni Hanta Ua Pua, iliyoanza karne ya 17. Wazee wa mtaa wa Kimalayu huketi juu ya jukwaa la mbao linalobebwa mabegani na wanaume wengi, pamoja na Qur'ani na mashina 99 ya maua yanayokumbusha majina ya Mwenyezi Mungu, hadi kwenye kasri ambako zamani sultani aliipokea Qur'ani hiyo. Maana yake ilikuwa ni mtawala kukubali tena, mbele ya raia, kuongozwa na Kitabu. Sultani wa mwisho aliyetawala, Muhammad Salahuddin, alifariki mwaka 1951, na sherehe ikafifia. Baadaye wenyeji waliifufua, na sasa maua hayo hupelekwa kwa kizazi cha masultani pamoja na viongozi wa serikali.