Gari la Umeme la Porini Linataka Ujue Safari ya Kesho

Mdogo wangu anaishi Marekani, na kila anachokitamani yeye lazima na mimi nikitamani. Mwaka jana ilikuwa zamu ya gari. Akaanza kunirushia video za Rivian R1S: gari la umeme, la juu, viti saba, linavuka mto wenye kina cha mita nzima, linapanda mawe kimya kimya kama paka, na jioni wenyewe wanachomeka jiko nyuma yake wanakaanga mayai. "Dada, hili ndilo gari lako la asali," akaniandikia.

Mimi nakaa Isevya, hapa Tabora mjini. Nanunua asali kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua, huu mwaka wa kumi na moja, na Prado yangu ya dizeli imeshazeekea kwenye miombo. Kwa hiyo mtu akiniambia gari la porini nasikiliza kwa makini, maana pori kwangu ni ofisi. Nikamjibu kwamba gari lake lina usukani kushoto, linauzwa huko kwao na Kanada tu, na bei inaanzia zaidi ya dola 75,000 kabla halijapanda meli. Akacheka. Lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka, na nikaanza kujiuliza: tuseme lingekuwepo la usukani wa kulia, na hela ipo. Lingenifaa?

Nikachukua daftari la kawaida, nikaliweka kwenye droo ya gari. Kila siku jioni naandika kilomita, nimekwenda wapi, nimebeba nini, na safari hiyo niliijua tangu lini. Hicho kipengele cha mwisho nilikiongeza siku ya tatu bila kufikiri sana, na ndicho kilichokuja kuamua kila kitu.

Siku thelathini na moja zilipoisha, ishirini na sita nilikuwa sijavuka kilomita arobaini. Nyumbani, stoo Kanyenye, benki, Kitete kumwangalia mgonjwa, Ipuli kwa mama mkwe, nyumbani. Mimi niliyekuwa najiona mtu wa porini! Ukifanya hesabu za juu juu, gari la umeme lingenifaa siku ishirini na sita kati ya thelathini na moja. Wauzaji wanaipenda sana hesabu hiyo. Lakini hakuna anayenunua gari refu la magurudumu manne yanayovuta kwa ajili ya kwenda benki. Tunalinunulia zile siku tano.

Mungu si Athumani, mteja wangu mmoja alikuwa na mradi wao hapa mjini, wakaletewa gari la umeme. Si Rivian, ni dogo kidogo, betri yake ya uniti 77, uniti zile zile tunazonunua kwa luku. Lilifika Tabora juu ya lori. Nawaomba mlitafakari hilo kabla ya kuendelea kusoma. Akaniazima wiki moja pamoja na dereva wake, kijana mmoja mpole sana, kwa ahadi ya ndoo mbili za asali.

Siku ya kwanza tukalichomeka nyumbani kwangu, taa ya chaja ikawaka nyekundu, likagoma. Kijana akasema, "Mama, eathi." Fundi akaja, akachimba pale ukutani, tukakuta ule waya wa chini umeliwa na kutu mpaka umekatika. Miaka yote hiyo friji na pasi zangu zimefanya kazi bila eathi na hakuna aliyelalamika. Chaja ya gari ndiyo iliyosema ukweli. Kwa hilo tu nililishukuru.

Safari ya kweli ilikuwa Kaliua. Tabora hadi Kaliua ni lami, kama kilomita mia na ishirini na kitu, na raha ya lile gari barabarani sitaificha. Ukikanyaga linaondoka papo hapo, halivuti pumzi kwanza kama Prado. Kwenye matuta ya vijiji ukiachia mguu linajishika lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, breki unaigusa mara chache. Tukaingia vijijini, rafurodi na mchanga, tukapakia ndoo kumi na mbili. Wasiojua asali nawaambia ndoo ya lita ishirini haina kilo ishirini, ina kama ishirini na nane. Hizo kumi na mbili ni zaidi ya kilo mia tatu. Kioo cha kuonyesha chaji kikaanza kushusha asilimia kama mtu anayehesabu hela za deni. Jioni tukarudi Kaliua mjini na asilimia 36, na nyumbani ni mbali.

Tukapanga gesti. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, nikamsalimia kwa Kinyamwezi, akafurahi, akaturuhusu tuchomeke. Soketi ilikuwa ndani, karibu na dirisha la jikoni, kwa hiyo tukaunga ekstensheni. Baada ya robo saa kijana akaigusa plagi kwa mgongo wa kiganja akautoa mkono haraka. Waya ulikuwa bado umeviringishwa kwenye gurudumu lake, na waya uliojikunja ukipitisha umeme mwingi kwa muda mrefu unajipika wenyewe. Tukaitupa ekstensheni, tukarudisha gari kinyumenyume mpaka mdomo wake ukabusu dirisha, tukachomeka ukutani moja kwa moja.

Soketi ya kawaida, ukiiendesha kwa usalama, inatoa uniti mbili na kitu kwa saa. Tulianza saa mbili usiku. Saa nane giza likaanguka gesti nzima, feni zikasimama, mtu wa chumba namba tatu akaanza kugomba. Mama akaja na tochi, khanga begani.

"Mwanangu, gari lako limekunywa luku yote."

Nikanunua luku kwa simu, elfu kumi, nikasimama kwenye kiti naingiza tarakimu ishirini za tokeni huku kijana akinimulikia. Bahati nzuri kodi ya jengo ya mwezi ule mama alikuwa ameshakatwa, nikapata uniti 28 kamili. Lakini aliniomba kwa upole kabisa nisichomeke tena, na mimi kwa haya sikuchomeka. Asubuhi tuliondoka na asilimia 53, tukaenda sitini kwa saa, AC tumezima, tukafika Tabora na 12. Kijana alikuwa na tabasamu njia nzima. Mimi mgongo ulikuwa umelowa.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, usianzie kwenye picha ya gari. Anzia pale litakapolala. Una nyumba yako yenye uzio, au unaegesha kwa jirani? Umeme wako ni wa njia moja au njia tatu? Kwa njia moja, fundi anayejua kazi akikuvutia laini yake peke yake kutoka kwenye breka kuu, chaja ya ukutani inakupa kama uniti saba kwa saa. Betri kubwa kabisa ya Rivian inakaribia uniti 140, hivyo kuijaza kutoka chini ni saa ishirini. Kwa soketi ya kawaida ni siku mbili na nusu, na luku haijakata, na TANESCO haijakata. Mpangaji asiyeweza hata kubadili balbu bila kumpigia mwenye nyumba asijisumbue.

Kuhusu kilomita zinazoandikwa kwenye tangazo, mimi napunguza theluthi. Lile Rivian lenye betri kubwa linatangazwa kufika kama kilomita 660 kwa kipimo cha Marekani. Toa theluthi, inabaki 440. Tabora hadi Kigoma ni karibu 400, kwa hiyo unafika, lakini unafika ukiwa umenyamaza. Lenye betri ndogo linalotajwa kilomita 430 hivi litakuwekea dua mdomoni ukishavuka Malagarasi, na Uvinza utaiona kwa rehema. Mwendo, mzigo na rafurodi vyote vinakula. Njia nzima hiyo sijaona kituo hata kimoja cha kuchaji haraka, zile mashine za dakika arobaini zinazoonekana kwenye video. Kuna sheli, kuna mahindi ya kuchoma, kuna trafiki.

Upande wa hela, gari linashinda, tusidanganyane. Gari zito la aina hii linakula kama uniti 30 kwa kilomita mia. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, sema 33. Uniti moja kwa matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, kwa hiyo kilomita mia ni shilingi elfu kumi na mbili hivi. Prado yangu inakunywa lita kumi na mbili kwa mwendo huo, na dizeli ikiwa karibu elfu tatu ni elfu thelathini na sita. Kwa kilomita 1,500 za mwezi unaokoa kama laki tatu na nusu. Ni hela. Ila gari la zaidi ya shilingi milioni mia mbili haliwezi kurudishwa na laki tatu na nusu, labda ulirithishe.

Sola? Niliulizia, maana jua la Tabora halina mpinzani. Paneli za kilowati tano siku nzuri zinakupa uniti ishirini hadi ishirini na tano. Hizo ni kilomita sabini za gari zito. Kwa mizunguko ya mjini inatosha na chenji inabaki, ila gari liwe limekaa nyumbani mchana jua linapowaka, na mimi mchana nipo stoo.

Matope nayasema kwa kifupi. Watu wanabishana sana juu ya nguvu na kimo. Rivian linainuka hadi sentimita 37 kutoka chini, na halina pua ya kuvuta hewa inayoogopa maji. Vizuri sana. Lakini lina uzito wa tani tatu na zaidi, na udongo mweusi wa mbuga ukishanywa mvua hauulizi nguvu, unauliza uzito. Lile la kuazima lilizama hapa njia ya Sikonge, tukavutwa na maksai wawili wa mzee mmoja aliyekuwa anatoka shamba. Ng'ombe walikuwa tayari muda mrefu. Tuliochelewa ni sisi, maana chuma cha kufungia kamba huwa kinafichwa chini ya sakafu ya buti, na juu ya sakafu kulikuwa na ndoo zangu. Ukipata gari la namna hii kitoe chuma hicho siku ya kwanza, kiweke mlangoni. Angalia pia kama lina spea tairi, mengi hayana. Na saizi ya tairi lake iulizie madukani kwenu kabla, si baada.

Kigoma mjini ningekuwa na maneno mengine. Ukiwa daktari au mwalimu wa pale, maisha yako ni Mwanga, Ujiji, Mwandiga, basi. Gombe na Mahale unakwenda kwa boti hata ungekuwa na gari la dhahabu. Vilima vya pale vinakurudishia umeme ukishuka. Zamani ningekucheka, kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa unatoka kwenye majenereta ya dizeli, ungekuwa unachoma mafuta kwa kuzunguka. Sasa wako kwenye gridi ya taifa, na hoja hiyo imekufa.

Sasa kile kipengele cha daftari, kwamba safari niliijua tangu lini. Sikonge niliijua wiki moja kabla. Nzega siku mbili kabla. Kigoma kupeleka mzigo, siku tano. Zote hizo ningeweza kuchaji usiku wa kuamkia safari, na ukitoa Kigoma, zote zingewezekana bila jasho. Ya mwisho ilikuwa simu ya saa nne usiku: shangazi amefariki Kasulu.

Mtu wa kwetu anajua simu hiyo ikoje. Hakuna kuulizana. Ndani ya saa moja kulikuwa na watu sita mlangoni, mikeka, masufuria mawili makubwa na mtoto amelala. Prado ilikuwa na robo tenki. Tukapita sheli, dakika saba, tukaondoka, alfajiri tuko Kidahwe tunakata kulia kwenda Kasulu. Zaidi ya kilomita mia nne. Kama uani kungekuwa na gari lenye asilimia 22 na chaja ya uniti saba kwa saa, tungeondoka saa ngapi? Tungezika nani?

Mdogo wangu nilipomweleza alisema kila siku liache limejaa. Nikamwambia wenye magari hayo wenyewe wanashauri siku za kawaida uishie asilimia 80 ili betri idumu, na hizo 80 baada ya mizunguko ya siku na umeme kukatika jioni zinakuwa 60. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Prado ingebaki nyumbani.

Hapo alinigusa. Prado ikibaki, hesabu inageuka. Kuna siku ishirini na sita za mizunguko ya mjini zinazonilia dizeli bure, na hizo hazihitaji gari la kuvuka mto. Zinahitaji kigari kidogo cha umeme, kilichotumika, usukani kulia, cha kulala kwenye eathi yangu mpya.

Nimeshamwita fundi avute laini ya chaja kutoka kwenye breka. Gari lenyewe bado natafuta. Daftari naendelea nalo. Mwezi huu hadi leo safari za ghafla ni mbili, msiba mmoja, na nyingine binti wa stoo alishikwa na uchungu usiku, tukamkimbiza Kitete. Hiyo ya Kitete ni kilomita nne tu. Nimeiwekea alama ya umeme.