Fomu thrii wanataka madesa tu, vitabu hawasomi: jibu langu kwa mwalimu wa Mufindi

Kamwene mdogo wangu. Swali lako nimelisoma vizuri. Umepangiwa shule ya kata huko Mufindi, Iringa, unafundisha Kiingereza fomu thrii na foo, darasa limefurika, vitabu vya litricha, yaani fasihi ya Kiingereza, vipo vichache vya kugombania, madogo wanakwambia ticha tupe notsi tukariri, na mwalimu wa taaluma anakusukuma umalize mada kabla ya moko, ule mtihani wa majaribio. Unauliza uwape desa, yaani notsi za kukopi na kukariri, wapone mtihani au ukomae nao wasome kitabu chenyewe. Mi niko Rungwe, Mbeya, nafundisha somo hilo hilo miaka mingi sasa, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona darasani. Wape kitabu. Desa likae mbali mpaka mwisho kabisa, na likikosekana moja kwa moja ni sawa tu.

Nakwambia hivi kwa sababu nimesahihisha insha za madesa hadi nazijua kwa harufu. Zote zinaanza na poverty, inafuata betrayal, inafuata position of women, conflict, mwisho awareness, na chini ya kila hoja kuna sentensi mbili ambazo ukifuta jina la kitabu ukaweka la kitabu kingine hakuna kitakachoharibika. Mtihani wa fomu foo unataka mifano kutoka vitabu viwili, na swali likija limegeuzwa kidogo tu, labda limeuliza uamuzi wa mhusika mmoja ulivyowagusa wengine, mtoto wa desa anamwaga zile zile poverty na betrayal kwa sababu ndizo alizo nazo. Msahihishaji anaziona kurasa zimejaa maandishi na hakuna jibu. Na madesa yenyewe yanapita mkono kwa mkono, mtu anakopi kwa mtu aliyekopi kwa mtu, unakuta mhusika kapewa mume asiye wake. Mtoto ambaye hajashika kitabu atajuaje?

Sasa utaanzaje na hivyo vitabu vichache. Anza na tamthilia, riwaya iache kwanza. Riwaya ya kurasa mia na kitu kwa mtoto ambaye shule ya msingi yote kasoma kwa Kiswahili na Kiingereza alikuwa anakutana nacho kwenye kipindi chake tu, unamtisha bure. Tamthilia ina watu wanaongea, sentensi ni fupi, na kopi chache zinatosha maana wanaohitaji kuzishika ni wanaosoma sehemu za wahusika, wengine wanasikiliza. Mi napenda sana kuanza na Three Suitors: One Husband ya Oyono-Mbia wa Kameruni. Binti anasoma sekondari, anaitwa Juliette, anarudi likizo kijijini anakuta baba yake Atangana ameshapokea faranga laki moja kwa mkulima mmoja kijana, na mtumishi wa serikali naye amekuja kaweka laki mbili mezani, wote wanamtaka yeye, na yeye ana mchumba wake mwanafunzi ambaye hana hata mia.

Wee mdogo wangu, hilo ukilisoma Rungwe darasa linawaka. Huku kwetu mahari inahesabiwa kwa ng'ombe, hata siku hizi ambapo wengi wanalipa pesa bado wazee wanakaa wanataja ng'ombe kwanza, kwa hiyo kila mtoto pale ndani ameshasikia mazungumzo ya namna hiyo sebuleni kwao. Siku moja nimegawa wahusika, msichana mmoja mpole ambaye huwa hanyooshi kidole nimempa Juliette, akafika pale binti anapouliza kama yeye ni kitu cha kuuzwa. Akasoma lile swali, halafu akalirudia kwa Kiswahili bila mtu kumwambia, akiwa anamwangalia mvulana aliyekuwa anasoma sehemu ya baba. Darasa likalipuka. Wavulana wa nyuma wanasema mzazi kasomesha lazima arudishiwe, wasichana wanasema kwani alisomesha ng'ombe, mmoja anasema mbona Juliette mwenyewe anakuja kuiba ile laki tatu akampa mchumba wake aje amlipie mahari, huo si wizi? Mwingine anamjibu ni pesa yake hiyo, yeye ndo bidhaa. Mi nimekaa kwenye dawati la pembeni nasikiliza tu. Hayo yote ni position of women na conflict na awareness, wanayasema kwa midomo yao na hakuna aliyekariri kitu.

Na hapa najua utaniuliza, waliongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza? Ndiyo, waliongea, na nitaendelea kuwaruhusu. Kuna shule mtoto anavalishwa kibao shingoni akiongea Kiswahili, mi sikubaliani nacho hata kidogo, kinawafundisha kunyamaza. Mtu mwenye hoja anatafuta maneno ya kuisema, asiye na hoja hata ukimpa kamusi nzima atakaa kimya. Nachofanya ni kuacha mabishano yakolee, halafu nasema haya, kila mtu achukue ile hoja yake aliyokuwa anaipigania aniandikie kwa Kiingereza sentensi tatu, ya kwanza unasema nini, ya pili nani kwenye kitabu kafanya nini, ya tatu kwa hiyo nini. Wanaanza kuniita ticha "mahari" inaitwaje, ticha "kurudisha" inaitwaje, na neno mtoto aliloliomba mwenyewe kwa sababu ana hasira nalo halimtoki tena. Zile sentensi tatu ndo aya ya insha. Ukizikusanya muhula mzima ana insha zake ambazo hajakopi kwa mtu.

Jirani yako wa Kiswahili mtumie pia. Hawa madogo wanasoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kwenye fasihi, dhamira na migogoro na wahusika wameshaiva navyo. Kaa na mwalimu wa Kiswahili muulize kafika wapi, ukiingia unawaambia mnakumbuka mlivyomchambua mama yake Takadini, leo tunafanya hivyo hivyo kwa huyu. Utaokoa vipindi vingi sana vya kueleza nadharia ubaoni.

Riwaya inafuata baadaye, na kama hapo shuleni ipo Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o, ya mwaka 1964, basi wewe wa Mufindi umepata. Mwanzoni kabisa mama, Nyokabi, anamuuliza mwanae Njoroge kama angependa kwenda shule, na anamuonya kabisa kwamba hatakuwa anapata chakula cha mchana kama watoto wengine. Wasomee hapo kwa sauti taratibu halafu nyamaza. Wako pale ndani wanaoshinda na uji wa asubuhi mpaka saa kumi na wanatembea kilomita na kilomita kurudi, hawahitaji uwaeleze Njoroge ni nani. Halafu Ngotho, baba yake, anamfanyia kazi mzungu Howlands kwenye ardhi ambayo ilikuwa ya ukoo wake, wanapita wanakagua michai. Watoto ambao mama zao wanaamka alfajiri kwenda kuchuma chai, huko kwenu na huku kwetu, hilo wanaliona bila picha. Historia ya Mau Mau na hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 waeleze kwa ufupi tu, mwalimu wa historia atamalizia.

Kusoma kimya kimya nako usikuache. Kwetu Tukuyu mvua ikishuka mwezi wa tatu na wa nne kwenye bati lisilo na dari hausikiki hata ukipasuka koo, walimu wengi wanakaa wanasubiri ipungue. Mi nimeshawazoesha, mvua ikianza monita anagawa vitabu, watatu watatu kitabu kimoja, wa katikati ndo anafunua, na haruhusiwi kufunua mpaka wenzake wote wawili wamegusa meza. Wanaosoma haraka wanachoka kusubiri, lakini ndani ya wiki chache unaona wale wa polepole nao wanakazana ili wasisubiriwe. Hakuna maswali baada ya hapo, hakuna kuandika muhtasari. Wanasoma tu.

Kuna kitabu kimoja lazima nikutahadharishe nacho, Passed Like a Shadow ya Mapalala, kinahusu familia inayomalizwa na UKIMWI. Ni kizuri na kinaeleweka, ila kumbuka uko wapi. Utafiti wa taifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa inayoongoza kwa maambukizi, Njombe na Iringa zote zilizidi asilimia 11. Darasani kwako kuna mtoto analelewa na bibi na unajua kwa nini, au hujui. Kabla ya kukianza mi huwa naenda kuongea na walezi wa shule na matroni, halafu nawaambia darasa zima kwamba mtu akitaka kutoka nje kupunga upepo atoke, haombi ruhusa na hatoi sababu. Kitabu hicho siwaigizishi wala simwambii mtu atoe mfano wa nyumbani kwao. Tunaongelea wahusika tu, na atakayetaka kusema zaidi atanifuata mwenyewe.

Kuhusu taaluma na moko, azimio la kazi liandike kama kawaida, mada zote ziwepo, ila vile vipindi viwili vya kufuatana vipe litricha, sarufi inakaa vizuri kwenye vipindi vya mmoja mmoja. Akija mdhibiti ubora muoneshe madaftari yenye zile sentensi tatu tatu, yanaonekana kazi. Vitabu vya kuongezea jaribu maktaba ya mkoa pale Iringa mjini, na kwenye maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ingia uone kilichopo.

Sasa niandikie hapa hivyo vitabu ulivyonavyo ni vipi na kila kimoja kina kopi ngapi, nikwambie ningeanza na kipi na ukurasa gani.